Pratibha Parmar na mabinti wa Sebei

Mhariri,

Naomba nafasi nimtaje mwanamke ambaye sijawahi kusoma habari zake kwenye kurasa zenu: mtengenezaji filamu Pratibha Parmar. Alizaliwa Nairobi mwaka 1955 katika familia ya Kihindi, kisha akiwa bado mtoto wakahamia Uingereza. Huko alishika njia ngumu ya kutengeneza filamu nje ya kampuni kubwa, akiwaacha wanawake wajisemee wenyewe. Katika "A Place of Rage" (1991) tunawasikia Wamarekani weusi wawili: mwanaharakati Angela Davis na mshairi June Jordan.

Kwangu mimi, mkazi wa Kapchorwa katika eneo la Sebei, mashariki mwa Uganda, kazi yake kubwa zaidi ni "Warrior Marks" ya 1993, aliyoifanya na mwandishi Alice Walker kuhusu ukeketaji. Wapo Waafrika walioilaumu kwamba inatutazama kwa jicho la mgeni, na lawama hiyo ina uzito. Lakini sheria yetu ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuja mwaka 2010, miaka 17 baadaye! Mabinti wetu wa Sebei waoneshwe filamu hiyo, wabishane nayo, kisha wapewe kamera watengeneze zao, kwa lugha ya Kupsabiny.

Msomaji wako,
Kapchorwa