Barua kwa Hamisi: Sanduku la Mjomba Lisichomwe

Mombasa,
Jumapili usiku.

Ndugu yangu mpendwa Hamisi,

Assalaam aleikum. Mimi na watu wa nyumbani hatujambo, na natumaini kwamba nanyi huko Tanga Mwenyezi Mungu anazidi kuwapa subira baada ya msiba uliowapata. Ama baada ya salamu, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale uliposema kwamba chumbani kwa marehemu mjomba limekutwa sanduku la bati lililojaa katuni za zamani, na kwamba ndugu wameafikiana ziuzwe kwa kilo kwa wauza karanga wapate karatasi ya kufungia, na zitakazobaki zichomwe. Nakusihi uwazuie. Ndiyo maana nimeshika kalamu usiku huu huu.

Bila shaka unakumbuka ulivyonicheka ulipokuta nimetundika ukutani jalada la jarida la Joe, lile lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, ukaniuliza kama mtu mzima amekosa picha ya kutundika. Siku ile sikuwa na jibu lililonyooka. Sasa ninalo. Jalada la katuni halichorwi kwa ajili ya msomaji aliyekwisha kukaa kitini. Linachorwa kwa ajili ya mpita njia mwenye haraka, nalo linaning'inia kwenye kamba ya muuza magazeti pamoja na wenzake ishirini, kila moja likimwita mtu yule yule. Ndani ya kitabu mchoraji ana kurasa nyingi za kueleza, lakini huku nje ana picha moja tu, na picha hiyo haina ruhusa ya kumaliza habari. Ikiimaliza, mtu ataitazama, atashiba, na kwenda zake bila kutoa hata senti.

Chukua jalada linalojulikana kuliko yote, la Action Comics namba 1 la Juni 1938, lililochorwa na Joe Shuster. Mtu mwenye nguo za buluu na joho jekundu ameinua gari la kijani na kulipigiza mwambani, vipande vinaruka, na mbele kabisa, karibu atoke nje ya karatasi, kuna mwanamume anayekimbia kutujia huku ameshika kichwa kwa mikono miwili. Leo kila mtoto anajua kwamba mwenye joho ni Superman na kwamba ni mwema. Mwaka 1938 hakuna aliyejua, na jalada halikumwambia mtu. Ukilitazama kwa macho ya asiyejua lolote, utamhurumia yule anayekimbia. Ilikuwa lazima ulipe senti 10 na ufungue ndani ndipo ujue kwamba gari lile ni la majambazi waliomteka mwandishi wa habari Lois Lane. Ufundi huo wa kuonyesha tendo na kuficha sababu yake ndio unaoninyima usingizi, wala si zile dola milioni 6 ambazo nakala moja iliuzwa mwaka 2024. Bei ile haikuletwa na uzuri peke yake. Vitabu vile vilihesabiwa kuwa takataka, akina mama walivitupa, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili watoto wa Marekani walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya vita, na katuni zao wenyewe zikaenda humo humo. Kilichosalia ndicho kilichopanda bei. Hilo wasomee ndugu zako kwa sauti.

Kwa kuwa mjomba alikuwa baharia katika miaka ya 1950, huenda humo sandukuni mna katuni za kutisha za Marekani, na sitaki mtu azichome kwa hofu ya dhambi. Jalada la Crime SuspenStories namba 22, kazi ya Johnny Craig, linaonyesha mwanamume aliyeshika shoka lenye damu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshika nywele za kichwa cha mwanamke kilichokatwa. Tarehe 21 Aprili 1954, mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliyoketi New York kuchunguza kama katuni zinawaharibu watoto, Seneta Estes Kefauver alimwonyesha mchapishaji wa kitabu hicho, William Gaines, jalada hilo na kumwuliza kama anaona lina staha. Gaines alijibu kwamba ndiyo, kwa kitabu cha kutisha linayo. Lingekosa staha iwapo kichwa kingeinuliwa juu zaidi hata damu ikaonekana ikichuruzika. Mimi silipendi jalada lile wala sitalitundika, lakini jibu lile nalirudia mara nyingi, kwa sababu lilikuwa jibu la fundi mahali palipotakiwa jibu la mshtakiwa: waliomhoji walimwuliza habari za maadili, yeye akawaeleza mahali picha inapokatiwa. Lilimponza sana.

Oktoba mwaka huo huo wachapishaji wakajiwekea kanuni ya yale yanayofaa kuchapwa katika katuni, na tangu mwaka 1955 utaona kwenye majalada mengi, juu upande wa kulia, muhuri mdogo wenye umbo la stempu ya posta, wa kuonyesha kwamba kitabu kimekubaliwa. Muhuri huo utakusaidia kukisia umri, ila usiutegemee peke yake, maana kampuni ya Dell haikujiunga kamwe na kanuni ile, na katuni zake za wanyama ni safi kabisa bila muhuri wowote. Mwezi uliochapwa nao usiuamini sana. Kitabu cha kwanza cha Captain America, chenye jalada la shujaa akimtwanga Hitler ngumi ya taya, kimeandikwa Machi 1941, lakini kilikuwa mitaani tangu Desemba 1940, mwaka mzima kabla ya Marekani kuingia vitani. Tarehe ilisogezwa mbele ili muuzaji asikiondoe mapema akidhani kimechina. Ukikuta jalada lililokatwa sehemu ya juu yenye jina, usiwalaumu panya: wauzaji waliruhusiwa kurudisha kipande hicho kama ushahidi kwamba nakala haikununuliwa, kisha nakala yenyewe ikapenyezwa mahali pengine kwa bei ya kutupa. Mabaharia walizipenda hizo.

Kama ninavyomjua marehemu, zitakuwamo pia nakala za African Film, zile za mpelelezi Lance Spearman, ambaye Jore Mkwanazi alimwigiza akiwa na kofia yake ya kipelelezi. Hizo si michoro bali picha za kamera, na zamani nilizidharau kwa sababu hiyo. Nilikosea, kwani mpiga picha naye alilazimika kuchagua nukta moja ya kisa na kuisimamisha. Zaidi ya zote, tafuta majarida ya katuni ya Sani ya Dar es Salaam, yenye Ndumilakuwili na Lodi Lofa, wahusika wa mchoraji Philip Ndunguru. Matoleo ya Marekani yana watunzaji elfu huko kwao. Haya yetu yanatutegemea sisi, na nimezunguka miaka kwa wauza vitabu wa kando ya njia, wale tunaowaita "inama", nikapata machache mno yenye jalada.

Sasa nisikilize kuhusu kutunza. Usizianike juani hata kama zinanuka uvundo, kwa kuwa karatasi ya gazeti ina asidi na jua huifanya iwe ya manjano na kukatika kama papadi. Zitandaze kivulini, chumba kikiwa na upepo. Pini zilizoshika kutu usizing'oe. Maandishi ya penseli usiyafute, maana huenda muuzaji ndiye aliyeandika siku kitabu kilipofika. Na selotepu usiiguse kabisa. Mwaka 2009 niliziba kwa selotepu mpasuko mdogo kwenye jalada la Joe nililolipenda kuliko yote, na leo pana mstari wa kahawia uliokula wino na kupita katikati ya uso wa mtu. Ndilo lile lililo ukutani, na fremu yake pana niliiweka mimi ili niufiche mstari huo.

Baadhi ya wakusanyaji hupeleka vitabu vyao vikapimwe alama, kutoka 0.5 hadi 10, kisha vikafungiwa ndani ya plastiki ngumu visifunguliwe tena. Jalada linaonekana, lakini kisa hakisomeki. Mimi sitaki hivyo, wala sidhani mjomba angetaka.

Nitapanda basi Ijumaa baada ya sala, inshallah, nikiwa na bahasha kubwa na glavu za pamba. Hadi hapo sanduku liwekwe juu ya meza, mbali na sakafu na mchwa wake, na ufunguo ukae mfukoni mwako.

Wako wa siku zote,
Omari