Mchoro wa Ukutani Kwetu na Kanga Zako Mia

Dada mmoja alituletea oda ya kanga mia, harusi ya mdogo wake. Akasimama mbele ya mchoro uliopo ukutani hapa kwenye duka letu la kuchapa vitambaa, Melbourne, Australia, akasema, "Mji wa kanga uwe huu huu. Kalenda yenu ninayo, na nililipa." Tulipotaja ada ya mchoraji akatoka akisema tunamwibia. Si wa kwanza, ndiyo maana tunaandika.

Mchoro ule tulimwagiza mchoraji wa Wurundjeri, Waaborijini wenye ardhi hii. Baba ndiye aliyeanza: tumekaa nyumba ya watu miaka yote hii bila kupiga hodi, maridhiano gani hayo na wenyeji? Mama alitaka nukta nukta, kama za vikombe vya watalii. Mchoraji akacheka. Nukta zile ni za watu wa jangwani. Za kwao ni mistari na pembe nne zilizochongwa kwenye ngao. Ilichukua miezi minne, maana kabla ya rangi ya mwisho alirudi kwa wazee wake mara mbili.

Tulilipia mchoro, na ruhusa ya mahali patatu: ukuta, mifuko ya karatasi, kalenda ya mwaka mmoja. Hakimiliki ni yake mpaka afe, na miaka 70 baada ya hapo. Wewe, dada, ulinunua karatasi ya kalenda. Kanga mia ni ruhusa nyingine, na ada yake inakwenda kwa mchoraji yote. Hata senti haishiki kwetu. Sisi tunalipwa skrini, rangi na kazi.

"Basi nitashusha picha mtandaoni." Haya. Kwanza, picha ya simu ukiikuza kufikia saizi ya mji inakuwa vitalu vitalu. Pili, kikundi kimoja kilichapisha fulana sitini za namna hiyo kwingine, za Wiki ya Maridhiano, ya kila mwaka ya kupatana na Waaborijini. Mlangoni mzee mmoja Mwaborijini akauliza kwa upole, "Hadithi hii ni ya nani?" Hakuna aliyejibu. Fulana zikarudi kwenye maboksi, wakaja kwetu kuchapisha nyingine, gharama mara mbili.

Na mahakama ya Australia ipo. Mwaka 1994 ilitoa hukumu juu ya mazulia yaliyofumwa Vietnam kwa michoro ya Waaborijini bila ruhusa, mmojawapo wa msanii Banduk Marika, wenye mambo matakatifu ya ukoo wake. Watu wanakanyaga na viatu! Fidia ilipita dola 188,000.

Dada wa kanga, mlango uko wazi. Tukipiga simu leo, mchoraji anaweza kukuchorea mji mpya na mkaelewana naye bei mwenyewe. Jina la kanga utachagua wewe. Na ninyi wa fulana, Wiki ya Maridhiano huanza 27 Mei. Mkija tarehe 20 na picha ya simu, tutawauzia fulana tupu.