Mtaalamu aitwe kabla boti haijanunuliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako wa wiki iliyopita aliyesema wanasayansi wabaki na maabara zao, na mipango ya nchi waachiwe waliopigiwa kura. Mtaalamu, alisema, hana jimbo. Nusu ya maneno yake nayakubali na nitayarudia mbele. Lakini mimi ni mwalimu wa skuli Kusini Unguja, mama yangu ni mkulima wa mwani, na kwetu tumeshaona yanayotokea mtaalamu akiitwa shughuli imekwisha, aje kula ubwabwa tu.

Nianze na jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Kilimo cha mwani hakikuota chenyewe. Wazee wetu waliokota mwani wa kujiotea wakauuza. Hakuna aliyefikiria kuupanda. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikaa miaka akiuchunguza mwani wa pwani yetu na kuwaeleza wakubwa kwamba kitu hiki kinalimika. Mwaka 1989 mbegu kutoka Ufilipino zikaanza kupandwa kibiashara Unguja, vijiji vya Paje na Jambiani vikiwa miongoni mwa vya mwanzo. Leo wanaoishi kwa mwani Zanzibar ni zaidi ya watu 20,000, wengi wao wanawake, na ukitoa utalii na karafuu ni bidhaa chache zinazotuletea fedha za kigeni kama huo. Mimi nimesomeshwa kwa vigingi, kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mbegu. Nakumbuka nikiwa mdogo mama akirudi shambani siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa, na vidole vimekunjamana kama tende, anakaa kizingitini kufunga mbegu kwenye kamba mpaka taa inaisha mafuta.

Sasa mambo yamebadilika, tena mbio. Mwani unaopandwa kwetu ni wa aina mbili, kotonii na spinosamu. Kotonii ndiyo yenye bei, karibu mara mbili ya mwenzake, kwa sababu ute wake ndio viwanda vya nje vinavyoupenda zaidi kwa kugandisha vyakula na dawa za meno. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii ikaanza kufa. Kaskazi ikivuma, Januari mpaka Machi, maji yakipwa mchana, yale yanayobaki kwenye mashamba huwa kama ya kukoga mzazi. Mwani unapauka kuanzia ncha, unakuwa mweupe, ukiushika unakatika mkononi kama tambi zilizoiva kupita kiasi. Kwetu wanasema umeungua. Wapo waliosema hoteli zinamwaga dawa baharini, wapo waliosema ni husda ya kijiji cha pili, na kuna bibi mmoja alichoma ubani shambani siku tatu mfululizo.

Jibu lilikuwapo, na halikuwa mbali. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hapa Unguja tangu 1978. Watafiti wake, hasa Dk. Flower Msuya ambaye amefanya kazi na wanawake wa mwani kwa miongo, walieleza mapema kwamba maji yanapata joto, kwamba joto huudhoofisha mmea na vijidudu humalizia kazi, na kwamba kotonii itabidi ifuatwe kwenye maji ya kina kirefu zaidi. Wakajaribu nyavu za mirija badala ya kamba tupu. Wakawafundisha wanawake kutengeneza sabuni na unga wa mwani ili wasitegemee bei ya kilo tu. Nami niliwahi kuwapeleka wanafunzi wangu shambani na kipimajoto. Kotonii inapendelea maji ya nyuzi joto 25 mpaka 30 hivi. Sisi tulisoma zaidi ya hapo kabla hata adhuhuri haijaadhiniwa.

Miaka michache iliyopita ukaja mradi kijijini. Sitautaja, wala waliouleta. Tukakusanywa ukumbi wa skuli, tukaambiwa wanawake watapewa boti walime kina kirefu, kama wataalamu walivyosema. Makofi. Kumbe mtaalamu mmoja alikuwamo humo ndani, kijana wa utafiti, amekaa safu ya nyuma karibu na dirisha. Akanyoosha mkono akasema mawili. La kwanza, itegwe kamba moja ya majaribio ikae kaskazi nzima na kusi nzima, pepo zote mbili za mwaka, ijulikane mkondo unavuta wapi. La pili, hawa kina mama wafundishwe kuogelea, maana wengi wao hawajui, na huko maji yanapita kichwa. Mwenye kikao akamjibu kwa upole kabisa kwamba wakati wa utafiti umepita, sasa ni utekelezaji. Makofi tena. Na mimi nilipiga, sikatai.

Haraka ile ilikuwa na sababu yake: mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Boti ikafika Mei. Kusi ilipochachamaa kamba zilikokotwa zikajikunja pamoja na mbegu zake, na wanawake wawili waliokuwa wakienda nayo wakaacha baada ya siku moja kuchukuliwa na maji, wakaokolewa na wavuvi. Boti ile hivi sasa imefudikizwa chini ya mkungu, na kuku wa jirani wanatagia humo. Nilimuuliza mama kwa nini yeye hakuwahi kuipanda. Akasema, "Bahari yangu mwisho kifuani, mwanangu. Pakinipita hapo si yangu tena."

Nataka msomaji wako aone kilichotokea pale. Sayansi haikupuuzwa, ilinyofolewa. Lilichukuliwa neno moja, "kina kirefu", kwa kuwa lilikuwa na kitu cha kununua ndani yake, na masharti yaliyokuja na neno hilo yakaachwa safu ya nyuma dirishani. Kesho mwani ukifa itasemwa wataalamu ndio walioshauri. Hilo linaniuma kuliko hata boti.

Nije kwenye nusu ninayokubaliana naye. Ufukwe wetu unagombewa. Hoteli inautaka mweupe na mtupu kwa wageni wake, mkulima anataka sehemu ya kuanika, mchokoa pweza anataka njia, na vijana nao wameshauacha mwani, wanataka ajira za utalii. Nani apewe? Hakuna kipimajoto kinachojibu swali hilo. Hilo ni la haki na la maisha, na aliyechaguliwa ndiye wa kuliamua, akikosea tumwambie kwenye kura. Mtafiti akianza kutuamulia nani ahame naye tutamkatalia. Kazi yake ni kusema: ukifanya hivi, pwani itakuwa hivi, ukifanya vile, itakuwa vile, na hapa sina hakika.

Ila lazima aseme mapema, aseme hadharani, na aliyeamua kinyume chake atuambie sababu. Ndilo ombi langu lote. Taasisi tunazo. Kuna COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo sheria ya 1986 imeipa kazi ya kuishauri Serikali juu ya sayansi na teknolojia. Zanzibar tuna ZAFIRI kwa utafiti wa uvuvi na rasilimali za baharini, na tangu 2020 tuna wizara nzima ya Uchumi wa Buluu. Ushauri unatolewa kila siku. Mwananchi ndiye asiyejua ulisemaje, kwa hiyo hawezi kujua ulifuatwa au ulitupwa.

Mnakumbuka Uviko-19. Mei 2020 nchi iliacha kutoa takwimu, mwaka mzima tukawa tunakisia kwa kuhesabu misiba. Mei 2021 kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Said Aboud ikamkabidhi Rais Samia ripoti, kisha Profesa akawaeleza waandishi wa habari walichoshauri: takwimu zitolewe, nchi iingie Kovaksi, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Rais angeweza kukataa, ana mamlaka hayo. Lakini kila mtu alishasikia, na Julai 28 alipochanjwa mbele ya kamera tulikuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Basi kwa nini isiwe hivyo kwa mwani, kwa pweza, kwa mchanga unaochimbwa, bila kungoja watu wafe kwanza?

Wanasayansi wenyewe nao nina neno nao. Wamekuja kwetu wengi, wamepima, wamejaza madodoso, wamemuuliza mama yangu kilo ngapi mwezi huu na kilo ngapi mwezi ule mpaka akachoka. Ripoti zinaandikwa Kiingereza zinakwenda zinakokwenda. Siku moja niliipata moja ya shamba letu wenyewe. Ilinichukua jioni mbili, mimi mwalimu, kuifasiri kwa mama, na alipoisikia akacheka: sehemu moja waliandika kwamba wakulima hupumzika maji mafu, yaani siku ambazo bahari haikupwi vya kutosha. Akasema, "Maji mafu ndiyo tunayofunga mbegu, tunaanika, tunapika, na tunawajibu wao maswali." Karatasi mbili za Kiswahili zibandikwe kwa sheha, kiongozi wetu wa shehia, kila utafiti ukimalizika. Na wizara ikiukataa ushauri, nayo ibandike karatasi yake pembeni, hata ya mistari kumi: tumeukataa, kwa sababu hii. Sioni gharama yake ni nini zaidi ya gundi.

Ninaandika haya sasa kwa sababu tangazo jipya limeshabandikwa. Mpango wa awamu ya pili ya mwani wa kina kirefu utajadiliwa na wananchi kijijini kwetu, na safari hii wataalamu wamealikwa rasmi, jambo ninalolishukuru kwa dhati. Mkutano ni saa nne asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Mtu yeyote wa pwani anajua saa nne ya bamvua maji yako wapi: yamekupwa mpaka mwambani, na wakulima wote wako shambani wameinama. Nimemwandikia sheha kuomba usogezwe mpaka saa tisa, maji yakiwa yamejaa. Ni siku ya sita leo, bado sijajibiwa.

Wako msomaji,
Mwalimu wa sekondari,
Kusini Unguja