Tusichome majani yote ya uani kiangazi hiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wakazi wenzangu wa Manispaa ya Tabora: kiangazi hiki tusifagie uwanja mzima na kuchoma kila jani la mwembe. Katika moto ule huteketea mbawakawa, buibui, vyura na mijusi waliojihifadhi chini ya majani wakisubiri mvua. Mwezi wa kumi na moja tunalalamika kuwa viwavi wanamaliza mchicha, kumbe waliokuwa wakiwala tumeshawachoma.

Hofu ya nyoka ina msingi. Kwa hiyo mita nne kuzunguka nyumba, pamoja na njia ya chooni, pafagiliwe pawe peupe. Majani yapelekwe pembeni, angalau mita tano kutoka ukutani, maana mchwa watayafuata na hatutaki wafike kwenye fremu za milango na kenchi. Chomeka vijiti kuzunguka eneo la mita moja kwa mbili, ujaze majani hadi usawa wa magoti. Majani ya mwembe ni magumu. Yakiwa peke yake yanaweza kumaliza kiangazi bila kuoza. Changanya na nyasi mbichi na maganda ya jikoni, na kila wiki umwagie ndoo moja ya maji yaliyooshea mboga. Rundo hilo usilifukue ovyo. Wakati wa kuchukua mboji tumia reki au uma, kamwe si mikono mitupu, kwa sababu nge na tandu nao hupenda humo.

Jambo la pili ni maji. Madimbwi yakikauka, nyuki huhamia kwenye mabomba na ndoo zetu. Beseni la plastiki huwaua wengi: ukuta wake unateleza, nyuki akitumbukia hana pa kushika. Tumia sinia au kigae cha chungu kipana, maji yasizidi sentimita tano, na upange mawe yatokeze juu ya maji ili watue hapo. Mwaga yote na kusugua kila baada ya siku mbili. Mbu huhitaji takriban wiki nzima kutoka yai hadi kuruka, hivyo hatapata nafasi. Kiweke mahali pa wazi ambapo paka hawezi kuvizia ndege, na mbali na wanapochezea watoto.

Mkoa wetu unasifika kwa asali, na pengine ndiyo sababu tunasahau nyuki wasioishi mzingani. Wapo wengi, kila jike akijitengenezea kiota chake ardhini au kwenye mti mkavu. Wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao ndio wachavushaji hodari wa pasheni: ua lake ni kubwa, na nyuki wa asali mara nyingi hunywa nekta bila kugusa sehemu inayopokea chavua. Waachie gogo kavu limesimama. Kwa nyuki wadogo, toboa gogo lingine kwa keekee, matundu ya milimita 4 hadi 10, kina cha sentimita 10 au zaidi, yasitokee upande wa pili, na yapande juu kidogo ili mvua isiingie. Lainisha midomo ya matundu kwa msasa, kwani vibanzi huchana mabawa. Usitumie mti mbichi. Utapasuka na kuota ukungu.

Pembeni pandeni mbaazi na kivumbasi, na mrehani usikatwe wote kabla haujachanua.

Kosa linaloharibu yote haya ni kupulizia dawa mwembe ukiwa kwenye maua, tena asubuhi, saa ambazo nyuki na nzi wanaouchavusha wako kazini. Subiri maua yadondoke na embe changa zionekane. Hata hapo, pulizia jua likishazama na upepo umetulia, na sinia la maji lifunikwe kwanza.

Msomaji wako,
Isevya, Tabora