Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge: kura zetu hazikukupa ruhusa ya kutunyamazisha

Mheshimiwa Mbunge,

Nakusalimu kwa heshima unayostahili. Nilikwisha kukuandikia kupitia ofisi yako, na sikupata jibu. Naandika sasa hadharani kwa sababu jambo lenyewe ulilifanya hadharani.

Wiki iliyopita ulituita tutoe maoni kuhusu muswada. Mama mmoja mtu mzima alisimama akauliza maoni ya wanaoupinga yataandikwa wapi. Ukamwambia kwamba uchaguzi ulikwisha, kwamba wewe ndiye mwenye wingi wa kura, na asiyeridhika asubiri uchaguzi ujao. Kipaza sauti kikachukuliwa mkononi mwake hajamaliza kusema. Waliokaa mbele wakapiga makofi. Mkutano ukafungwa mapema, na sisi tuliokuja na maoni yetu kwenye karatasi tukaondoka nazo.

Mheshimiwa, siku ya uchaguzi nilikuwa wakala wa mpinzani wako. Usiku ule nilishuhudia kura zikihesabiwa moja moja, nikaona umetushinda, nikatia saini fomu ya matokeo. Wenzangu walitaka nikatae. Waliniita msaliti, na wapo ambao mpaka leo hawapokei salamu yangu. Kazi niliyokuwa nikipewa na mmoja wao ilikoma, na nyumbani tuliumia. Nilisaini kwa sababu niliamini kwamba anayeshindwa uchaguzi hapotezi uraia wake. Kwamba kesho yake atasimama mbele ya mshindi, aulize, ajibiwe. Nisingeliamini hilo, saini yangu ile ingekuwa na maana gani?

Hapo ndipo ulipo msingi wa demokrasia, na ni msingi wa maadili kabla ya kuwa wa hesabu. Hesabu peke yake imewahi kufanya maovu makubwa. Mwaka 399 kabla ya Kristo raia wa Athens waliokaa kama mahakama walipiga kura, na kwa wingi wa kura wakamhukumu mwanafalsafa Sokrates kifo. Tarehe 23 Machi 1933 Bunge la Ujerumani lilipitisha, kwa kura 444 dhidi ya 94, sheria iliyoiruhusu serikali ya Hitler kutunga sheria bila Bunge. Wabunge wa chama cha kikomunisti hawakuwemo. Walizuiwa, wengi wao wakiwa wamekamatwa au wamekimbia. Wanamgambo wa chama tawala walikuwa wamejaa ukumbini. Chama kimoja tu kilithubutu kusema hapana, na miezi michache baadaye kikapigwa marufuku. Sikufananishi na watu wale, Mheshimiwa. Nakukumbusha tu kwamba hata wao walisema wana wingi.

Azimio la Dunia la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linasema katika ibara ya 21 kwamba matakwa ya watu ndiyo msingi wa mamlaka ya serikali. Viongozi wengi huikariri ibara hiyo wakishashinda. Lakini rudi nyuma kidogo uisome ibara ya 19, inayolinda uhuru wa kuwa na maoni na kuyatoa, kisha ya 20, inayolinda haki ya kukusanyika kwa amani. Matakwa ya watu utayajuaje kama umewazuia kuyasema?

Na wapo waliolielewa hili wakiwa na mamlaka makubwa kuliko yako. Mathieu Kérékou wa Benin na Kenneth Kaunda wa Zambia walikuwa wametawala kwa miaka mingi, Kaunda tangu uhuru wa 1964. Mwaka 1991 wote wawili walishindwa kwenye uchaguzi wa vyama vingi, wakakabidhi madaraka. Walikubali kwamba nchi ina wenyewe. Wewe hukuombwa hata kukabidhi kiti. Uliombwa kumsikiliza mama mmoja.

Nadhani walio karibu nawe wamekuambia kwamba kila anayeuliza ametumwa. Nadhani pia una hofu kwamba ukikubali kosa dogo katika muswada utaonekana dhaifu. Kama sababu ni nyingine, tuambie. Ulipokuja kutuomba kura ulisema, nasi tulikusikia, kwamba mlango wako utakuwa wazi hata kwa asiyekuchagua. Hakuna aliyekulazimisha kutoa ahadi hiyo. Mimi niliichukua kwa uzito, ndiyo maana niliwaambia wenzangu walionikasirikia kwamba tumpe mtu huyu nafasi. Leo wananiuliza nafasi ile umeifanyia nini, na sina la kuwajibu.

Ninachokuomba ni kimoja. Itisha mkutano upya. Mama yule amalize swali lake na umjibu mwenyewe, si msaidizi wako. Maoni ya wanaopinga yaandikwe kwenye kumbukumbu kama yatakavyosemwa, na yafike kwenye kamati pamoja na ya wanaounga mkono. Baada ya hapo, muswada ukipita kwa wingi wa kura nitakubali, kama nilivyokubali matokeo ya uchaguzi wako. Lakini msikilize kwanza. Narudia, Mheshimiwa: msikilize kwanza, na tarehe ya mkutano huo itangazwe kabla muswada haujarudi bungeni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wakala wa mgombea uliyemshinda