Barua ya wazi kwa vijana wetu wa Salt Lake mnaotaka kujitoa kwenye mfuko

Wanangu,

Ujumbe wenu wa sauti nimeusikiliza mara tatu, nikiwa garini nje ya ghala kabla ya kuingia zamu ya usiku. Mnataka mgawiwe chenu kutoka mfuko wa misiba, mkachange na yule bwana wa malori. Mmoja wenu kasema wazee tumechoka hata kufikiri. Sikukasirika. Uchovu ninao kweli, magoti yangu ni shahidi.

Mwaka jana mjukuu wangu alinipeleka Huntsville, mji mdogo wa hapa Utah, kule nyuma ya milima ya Ogden. Nikamuuliza, huyu Hunt ni nani? Hakujua. Basi nikamtafuta mwenyewe, na tangu hapo hanitoki kichwani. Vumilieni niwasimulie, maana habari yake inawahusu ninyi, na mimi inanihusu zaidi.

Jefferson Hunt alikuwa Mmormoni wa mwanzo mwanzo, wa dini ya wale walioanzisha Salt Lake, mzaliwa wa Kentucky, akabatizwa 1835. Alifukuzwa Missouri pamoja na wenzake, kisha wakaihama Illinois. Sisi tuliopita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kuacha nyumba na sufuria jikoni. Mwaka 1846 serikali ya Marekani ikawaomba Wamormoni watu wapatao 500 wa kwenda vita dhidi ya Meksiko, nao walikuwa bado kwenye mahema, hawana kwao. Hunt akawa kapteni wa kombania ya kwanza. Alikwenda na wake zake wawili, Celia na Matilda. (Msiniangalie hivyo, dini yao wakati ule iliruhusu.) Wake walibaki njiani na wagonjwa, yeye akatembea mpaka California.

Sasa fika 1849, hapo ndipo penye jambo lenyewe. Watu wanakimbilia dhahabu ya California. Wamefika Salt Lake wamechelewa, theluji inakaribia, na wanajua yaliyowapata kina Donner, wasafiri walionaswa na theluji wengi wakafa, miaka mitatu tu nyuma kwenye milima ya kaskazini. Njia iliyobaki ni ya kusini, na Hunt ameshaipita. Wakamkodi kwa dola 10 kila gari, magari yapata 100 ya kukokotwa na maksai. Wakaondoka Oktoba.

Wanaosimulia hupenda kurukia pale watu walipomwacha kiongozi na kupotea jangwani. Wanaruka kilichotangulia. Kabla ya hapo Hunt mwenyewe alikuwa ameiacha njia aijuayo. Karibu na mto Beaver aliona kuna mahali pa kukata, akawaingiza huko, maji hayakuwepo. Alitangulia kuyatafuta, akarudi yu hoi kwa kiu, na msafara mzima ukageuza kurudi ulikotoka. Kuanzia siku ile alikuwa bado kiongozi kwa mkataba, lakini mioyoni mwao alishavuliwa.

Kwa hiyo alipowafikia Kapteni Smith na ramani ya kuchorwa kwa mkono, inayoonyesha njia ya mkato, nani angemsikiliza Hunt? Naye hakuwapigia magoti. Inasimuliwa kwamba alisema, hata likibaki gari moja linalotaka njia tuliyopatana, nitakwenda nalo. Ila mkiingia huko mnakokutaka, mnaingia kinywani mwa jehanamu. Mapema Novemba zaidi ya magari 90 yakapinda magharibi. Yakabaki na Hunt 7.

Hapa nawaomba mtazame kitu kimoja. Smith hakuwa na gari. Watu wake walipanda wanyama, mizigo mgongoni mwa nyumbu. Anapopita nyumbu, gari halipiti. Walipofika ukingo wa korongo, wenye magari wakasimama, wasijue wateremkie wapi. Wengi wakarudi kumfuata Hunt. Smith mwenyewe alipoona mambo magumu aligeuza. Waliong'ang'ania, magari ishirini na ushei, waliingia Death Valley, Bonde la Mauti, mwezi Desemba. Wengine walichoma magari yao kuni, wakaanika juu ya moto huohuo nyama ya maksai waliokuwa wakiwavuta. Hunt na magari yake 7 walifika shamba la Chino kabla ya Krismasi.

Yule bwana wenu wa malori ana mke? Ana kodi ya nyumba? Ana mama kule Uvira, Kongo, anayesubiri dola 50 kila mwezi? Muulizeni. Sisemi ni mwongo. Nauliza kama anasafiri na gari au na nyumbu.

Wala msidhani nawaambia vijana hawajui. Waliookoa familia zilizokwama bondeni ni vijana wawili, Manly na Rogers, nao walikuwa miongoni mwa waliomwacha Hunt. Walitoka kwa miguu, wakafika kwenye watu, wangeweza kabisa kubaki huko. Walirudi, na chakula na nyumbu mmoja.

Hunt baadaye alihamia San Bernardino na wenzake, 1851, akachaguliwa kwenda bunge la California, na 1853 akapeleka mswada uliozaa kaunti ya San Bernardino. Mpaka leo wanamwita baba wa kaunti ile. Sawa. Lakini koloni lilelile lilikuwa na mtu mweusi mtumwa, katika jimbo lililopiga marufuku utumwa. Biddy Mason aliletwa huko na bwana wake, Robert Smith (si yule Smith wa ramani), baada ya kutembea tangu Mississippi nyuma ya magari akichunga mifugo. Hakimu wa Los Angeles ndiye aliyemtangaza huru, 1856. Mbunge yupo, sheria ipo, na mama wa watu anasubiri miaka mitano. Nikimsifu Hunt, hapo sauti hushuka.

Mwaka 1857 Brigham Young, mkuu wa Wamormoni, akawaita warudi Utah, jeshi la serikali linakuja. Nyumba zikauzwa kwa bei ya kutupa. Hunt akaanza upya, Huntsville, 1860, kisha akasogea Idaho, ndiko alikofia 1879.

Nirudi kwetu. Nilipokuwa mweka hazina, kuna mwaka nilikata njia. Ndugu mmoja alikuwa na shida, nikamkopesha pesa za misiba bila kikao, bila karatasi, nikijua nitazirudisha kabla mtu hajauliza. Hazikurudi zote. Baba wa mmoja wenu alipofariki, maiti ilikaa siku nne zaidi hospitalini tukichangishana upya. Mlikuwa wadogo, lakini mlisikia watu wazima wakinong'ona. Ujumbe wenu haukulitaja. Nimelisikia.

Mkitaka kuondoka Jumamosi, sitafunga mlango, chenu mtapewa. Asiyetaka kuondoka, hata akiwa mmoja, mfuko utabaki kwa ajili yake, na dola 20 zangu za mwezi zimo. Nitakuja mapema na lile daftari la zamani, pamoja na ukurasa nilioukunja.