Barua kwa mwanangu: nitajie namba

Mwanangu Hamisi,

Salaam nyingi kutoka huku Mwanga, Kigoma. Sisi wazima, mvua zimeanza na mama yako keshapanda maharage.

Juzi kwenye simu ulisema unataka "kuwa fiti". Nilicheka kimoyomoyo. Mwaka jana ulisema hivyohivyo, ukalipia jimu miezi mitatu, ukaenda mara nne.

Unajua mimi nimekula mshahara wa reli. Njia yetu ya kati, iliyofika hapa Kigoma mwaka 1914, ina upana wa meta 1 kati ya chuma na chuma. Gengi letu lilitembea na geji, kile chuma cha kupimia upana wa njia. Mnyapara hakupokea jibu la "iko sawa tu, mzee". Alitaka milimita, tena za kilomita ipi. Njia ikipanuka, behewa linalala kando. Sasa huo ufiti wako ni milimita ngapi?

Na mimi sikuwa bora. Nilipimwa presha ikasoma 164 kwa 98. Nesi akanipa vidonge, kisha akauliza: "Mzee, kwa wiki unatembea dakika ngapi?" Nikakosa jibu. Akaniambia Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afikishe angalau 150, mwendo wa kukaza miguu. Nikazigawa: 30, siku tano. Nashuka Barabara ya Lumumba kuelekea stesheni, napanda tena, na kupanda ndiko kunakonitoa jasho. Nikirudi nachora mstari wa mkaa nyuma ya mlango wa jiko. Mama yako aliulilia mlango wake; leo yeye ndiye mhesabuji, na nikiruka siku ananiumbua mbele ya wageni.

Chumvi nayo ina kipimo: chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai kisichojaa. Hapo ndipo nilipoachana na samaki wangu, mgebuka wa chumvi, kwa uchungu.

Miezi minne baadaye: 138 kwa 86, kiuno inchi 41 kutoka 43. Vidonge nameza bado, usidhani miguu imefuta dawa.

Wewe usianze na kusema utapunguza kilo ishirini. Azima futi ya fundi cherehani, pima kiuno asubuhi kabla hujala, andika na tarehe. Panga dakika, panga siku, panga na tarehe ya kupima tena. Wiki ukikosa, andika sifuri.

Jumapili ukipiga, namba kwanza, Simba na Yanga baadaye. Dagaa nimewatuma kwa basi. Hawana chumvi.

Baba yako